Nahodha wa timu ya chuo kaitwa redioni baada ya kufungwa mechi tano: ajibu nini?

Mgosi_Raskazone (mwanzisha mada)

Wakuu salaam,

Naomba msaada wa wanaojua mambo ya michezo na vyombo vya habari. Timu ya mpira ya chuo chetu hapa Tanga imepoteza mechi tano mfululizo kwenye ligi ya vyuo. Tumefungwa 11, tumefunga 2. Redio moja ya hapa mjini imemwalika nahodha na kipa Jumatatu asubuhi, kipindi cha michezo, mubashara, na wasikilizaji watapiga simu. Kabla ya hapo, Jumamosi, tuna mechi nyingine, na vijana wa TV za mtandaoni hawakosi, wanasubiri pembeni ya uwanja na maiki zao zenye nembo.

Nahodha ana miaka 21, mpira anaujua, ila akishikiwa maiki anaweka ile kaseti ya wachezaji wote: "Kwanza kabisa tunamshukuru Mungu mchezo umeisha salama, wenzetu wametumia nafasi waliyoipata, makosa madogo madogo mwalimu ameyaona, atayafanyia kazi, mashabiki waendelee kutusapoti." Kipa ndiyo balaa. Huyo akiulizwa anamwaga kila kitu, mpaka ya posho.

Sasa naona vijana wa vyuo vya Marekani, wale wa mpira wa yai. Wamefungwa kwa aibu mbele ya watu laki moja, na muda mfupi baadaye wamekaa mezani wanajibu kama mawakili. Wanafundishwaje? Na sisi tusio na ofisi ya habari wala nini, tuchukue lipi na tuache lipi?

Maswali ninayoyaogopa: kocha aondoke? Kweli timu imegawanyika? Kipa kauza mechi? Mnalipwa posho? Leo Jumanne, nina siku nne.

---

Bint_Chumbageni

Mgosi, tuanze na hao Wamarekani, maana watu huona meza na maiki tu, kilichotangulia hawakioni.

Anayekaa pale mbele hakuokotwa. Kila chuo kikubwa kina ofisi ya habari za michezo, na afisa wake ndiye anayepanga nani azungumze, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na ndiye anayesema "swali la mwisho". Kila Julai, kabla msimu haujaanza, kanda zao, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja, huwa na siku maalumu za kukutana na waandishi. Kwenye kanda ya SEC, ya vyuo vya kusini-mashariki, kocha kwa kawaida huja na wachezaji watatu tu, na kikosi chake kina watu kama mia. Nick Saban, wakati akiwa kocha wa chuo cha Alabama, kwa kawaida hakuwaruhusu wachezaji wa mwaka wa kwanza kuongea na waandishi. Kwa hiyo somo la kwanza ni lako wewe, si la nahodha: kipa anaenda redioni kufanya nini? Redio haipangi kikosi chako. Piga simu leo hii, waambie kwa adabu kwamba atakuja nahodha na msaidizi wake. Mtangazaji anataka watu wawili wenye sauti, hana shida na namba zao za jezi.

Halafu kuna muda. Kwenye mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu wa vyuo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inazipa timu dakika 10 za kupoa kabla vyumba vya kubadilishia nguo havijafunguliwa kwa waandishi. Dakika hizo ni dawa. Mtu aliyetoka kufungwa bao dakika ya 88 moyo bado unamwenda mbio, pumzi haijakaa, na mdomo unatangulia kichwa. Jumamosi fanya hivyohivyo bila kuomba ruhusa ya mtu: filimbi ikilia, nahodha asalimiane na wapinzani na waamuzi, aende moja kwa moja kwenye benchi, anywe maji, anawe uso, avae fulana kavu, ndipo arudi kwa hao vijana. Wewe ndiye wa kusimama katikati na kusema "anakuja, mpeni dakika kumi". Wanasubiri. Wamefuata klipu, bila klipu hawaondoki.

Wala usidhani maswali yao ni mepesi kuliko yetu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, mwaka wa kwanza hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Ile huruma ya "ni mwanafunzi tu" imepungua, siku hizi mtoto wa miaka 20 anaulizwa kama thamani yake inalingana na anachovuna. Na kwa kuwa kuhama chuo kumekuwa rahisi, timu ikifungwa mara tatu swali linalofuata ni "utabaki?"

Sasa kaseti. Ubaya wake haumo kwenye kumshukuru Mungu, hilo mwache ashukuru. Ubaya ni kwamba baada ya shukrani hakuna kitu. "Wametumia nafasi" maana yake wamefunga, na hilo ubao umeshalisema. "Makosa madogo madogo" kwa timu iliyofungwa 11 ni kumtukana msikilizaji. "Mwalimu ameyaona" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamtupia kocha mpira, na swali linalofuata lazima liwe "kwa hiyo tatizo ni mwalimu?" Nahodha mwenyewe ndiye kalifungua hilo lango.

Mpe jibu lenye vipande vitatu, jumla sekunde 20. Cha kwanza matokeo, bila kuyapaka rangi. Cha pili sababu moja iliyoonekana na kila aliyekuwepo uwanjani. Cha tatu kazi ya wiki hii. Mfano: "Tumefungwa mbili bila, na yote yametokana na kona. Nguzo ya kwanza hakukuwa na mtu wetu. Jumanne na Alhamisi tunaanza mazoezi na kona kabla ya kitu kingine." Sababu iwe moja tu, usimruhusu kutaja tatu. Akitaja tatu, mwandishi anachagua ile mbaya zaidi na kuitengenezea kichwa cha habari.

Maswali yako yana kanuni moja juu yake: neno la sumu lisitoke mdomoni mwake. Akiulizwa "timu imegawanyika?" na akajibu "hapana, timu haijagawanyika", jioni utasoma: NAHODHA: TIMU HAIJAGAWANYIKA. Aliyekuwa hajui kama kuna mgawanyiko sasa anajua. Ajibu kwa jambo linaloonekana: "Jana saa 10 jioni tulikuwa mazoezini wachezaji 22, hakuna aliyekosa." Lakini liwe kweli. Kama walikuja 14, atafute kweli nyingine.

La kocha: "Hilo ni la uongozi wa chuo. La kwangu ni kupanga safu ya nyuma isimame vizuri." Basi, anyamaze. Asiseme "sina la kusema", maana kwa Kiswahili chetu mtu akisema hana la kusema, watu wanaelewa analo jingi. Na asimmwagie kocha sifa, kwani nahodha akimsifu sana kocha anayefungwa watu wanahesabu siku.

La kipa ni zito zaidi. Kuna makosa ya uwanjani na kuna tuhuma. Kwa makosa: "Mpira ule ulipotea katikati, ukawapita wanne wetu kabla haujamfikia yeye." Kila bao lina safari yake, na nahodha aijue kwa mabao yote 11, ayaandike kwenye karatasi: lilianzia wapi, nani alipoteza, na asitaje jina. Kwa tuhuma ya mechi, hapo hakuna kucheka wala kujitetea kwa kelele: "Mwenye ushahidi wa jambo kama hilo aupeleke kwa waandaaji wa ligi, nasi tutakuwepo." Neno "kuuza" lisimtoke.

---

Kahawa_Chungu

Dada Bint kaeleza vizuri, ila mimi naogopa kitu kimoja. Hapa ni Tanga. Watu wamezaliwa ndani ya Kiswahili, mjukuu anajua fumbo kabla ya kujua kusoma. Ukimleta kijana anajibu "hilo ni la uongozi, la kwangu ni safu ya nyuma" mara nne mfululizo, kufikia saa 5 asubuhi baraza zote za kahawa Ngamiani zitakuwa zinamwita mheshimiwa diwani. Huu ni mji ulioona Coastal Union wakichukua ubingwa wa nchi 1988, watu wanajua timu nzuri inafananaje, hawahitaji kufunikwa macho.

Kwa hiyo tazameni mfano ambao haukufuata kitabu cha ofisi yoyote. Septemba 2008, chuo cha Florida kilifungwa nyumbani na Ole Miss (chuo cha Mississippi) 31 kwa 30. Kwotabeki wao Tim Tebow, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, alikuwa amezuiwa mwishoni kwenye jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, ikibaki yadi moja. Yaani yeye mwenyewe ndiye aliyekwama. Akaja mezani, akaomba radhi kwa mashabiki kwa sababu walitaka msimu usio na kipigo, akasema hakuna mchezaji nchini atakayejituma kama yeye kwa msimu uliobaki, na hakuna atakayewasukuma wenzake kama yeye. Akawatakia baraka za Mungu akaondoka. Hata dakika mbili hazikufika. Hawakufungwa tena mpaka wakachukua ubingwa wa taifa Januari 2009, na maneno yale chuo kikayaandika kwenye bamba nje ya uwanja.

Angalieni kilichomo na kisichomo. Refa hayumo, wala kocha, wala mwenzake mmoja. Karibu kila sentensi inamhusu yeye.

Na angalieni walioharibu. Septemba 2007 kocha Mike Gundy wa Oklahoma State alikuwa ameshinda, tena ameshinda mechi tamu, 49 kwa 45 dhidi ya Texas Tech. Akaingia kwenye mkutano na waandishi na gazeti mkononi, akafoka dakika tatu kuhusu makala iliyomsema vibaya kwotabeki wake. Nia ilikuwa kumlinda kijana. Matokeo yake ni kwamba ushindi wenyewe ulisahaulika, klipu ya kufoka ikazunguka dunia, na watu ambao hawakuwahi kuisoma ile makala wakaitafuta. Upande wa pili yupo Marshawn Lynch, huyu alikuwa wa kulipwa. Ligi ilishamtoza faini ya dola 100,000 mwaka 2014 kwa kukwepa waandishi, basi Januari 2015, kabla ya fainali, akawajibu kila swali kwa sentensi moja: yupo pale ili asitozwe faini. Watu walicheka. Lakini yeye alikuwa nyota wa timu iliyofika fainali. Nahodha aliyefungwa mara tano akijaribu hilo ataonekana ana kiburi.

---

Bint_Chumbageni

@Kahawa_Chungu nimekuelewa na la mheshimiwa diwani nakubali. Nyongeza tu kuhusu Tebow, kwa sababu vijana wanaiga vibaya. Aliahidi jasho, hakuahidi matokeo. Jasho lipo mikononi mwake, matokeo hayapo. Nahodha wa Mgosi akisema "Jumamosi lazima tushinde, nawaahidi", na wakafungwa la sita, Jumatatu redioni wataipiga sauti yake kabla hajasalimia. Na ahadi ile inatolewa mara moja kwa msimu. Ya pili haina thamani, ya tatu ni kichekesho.

---

Maiki_Wazi

Wakuu mmeongea ya maneno, mimi naleta ya mitambo na ya studio, maana huko ndiko wageni wengi wanapoangukia.

Jumamosi, klipu za mtandaoni. Kijana wa TV ya mtandaoni hahitaji mahojiano ya dakika kumi. Anahitaji sekunde 15 zenye moto na picha ya uso. Kwa hiyo kila sentensi ya nahodha lazima iweze kusimama peke yake ikikatwa mbele na nyuma. Sentensi inayoanza kwa kunukuu lawama ni hatari: "Watu wanasema sisi ni wabovu na hatujitumi, lakini..." Kisu kitapita kabla ya "lakini". Kejeli nayo hukatwa vibaya. Akisema kwa utani "ndiyo, tunapenda sana kufungwa", kesho utani haupo, maneno yapo.

Wakiwa waandishi wanne na maiki nne, amtazame anayeuliza, asitazame kamera wala simu. Asimame mgongo ukielekea ukuta au ubao wa wadhamini, asiupe mgongo uwanja ambako wapinzani wanashangilia, maana picha hiyo inajibu swali kabla yeye hajajibu. Asishike maiki ya mtu. Maswali matatu, la nne wewe unasema "ahsanteni" na mnatembea. Usiseme "la mwisho" halafu ukaruhusu mawili.

Kuna ujanja mmoja wa zamani ambao vijana hawaujui: kimya. Mwandishi anauliza, unajibu, anakutazama tu na maiki haitoki mdomoni. Sekunde tatu, nne. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuvumilia kimya mbele ya mgeni, anajaza, na kile cha kujazia ndicho kinachotoka hewani. Mazoezini mfundishe hivi: ukimaliza, funga mdomo, hesabu moja mpaka tano kichwani, mtazame usoni. Maiki ikibaki hapohapo, si kazi yako kuiondoa.

Maswali mawili ndani ya moja: "Mnaonaje kiwango chenu, na je, ni kweli kocha hana leseni?" Achague moja ajibu kikamilifu. Mara nyingi la pili linasahaulika. Lisiposahaulika litarudi peke yake, na hapo linajibika kwa utulivu. Maswali ya "ikiwa" (mkifungwa tena itakuwaje?) yanarudishwa kwenye kalenda: "Mechi ijayo ni Jumamosi saa 10, tunajiandaa na hiyo."

Jumatatu, studio. Wafike dakika 20 kabla. Dakika tano za kupumua, tano za kuongea na mtayarishaji: kipindi kina sehemu ngapi, simu zinaanza lini, nani mwingine kaalikwa. Hili la mwisho ni muhimu. Wakati mwingine wamemweka nahodha wa timu pinzani kwenye laini bila kusema. Simu za mkononi zizimwe kabisa, si kuwekwa kwenye mtetemo, mtetemo juu ya meza ya studio unasikika kama trekta. Mdomo uwe mbali na maiki kiasi cha kiganja kilichofunguliwa, pembeni kidogo ya maiki badala ya kuielekea, ndipo "p" na "b" hazitapasuka. Asisogee nyuma akiulizwa swali gumu. Mwili ukirudi nyuma sauti inapungua, na msikilizaji anasikia hofu hata kama maneno ni mazuri.

Mbele yake iwepo karatasi moja, herufi kubwa: safari ya mabao 11, ratiba ya mechi zilizobaki, jina la mtangazaji. Redioni hakuna anayeona karatasi, lakini asisome sentensi nzima, sauti ya kusoma inajulikana. Aandike maneno ya kumkumbusha tu.

Wapiga simu: kutoka Pongwe, Muheza, Pangani, mmoja lazima atakuwa mzee aliyecheza zamani na atasema vijana wa siku hizi miguu ya uji. Asibishane naye hata chembe. "Shikamoo mzee, nashukuru kwa kutufuatilia," halafu jibu moja fupi la jambo alilouliza, kama aliuliza. Mpiga simu akitukana, hiyo ni kazi ya mtangazaji kumkata, nahodha anyamaze tu.

Mazoezi. Kesho jioni na keshokutwa, nusu saa kila siku, inatosha. Mtu mmoja awe mwandishi, awe na roho mbaya kidogo, na asiwe rafiki yake wa chumbani. Maswali kumi mabaya kuliko yote. Rekodi kwa simu, sauti tu, kisha sikilizeni pamoja na saa mkononi. Hesabuni vitu vitatu: jibu lilichukua sekunde ngapi, "kiukweli" zilikuwa ngapi, na neno la sumu lilirudiwa mara ngapi. Siku ya kwanza utakuta majibu ya sekunde 50 na "kiukweli" sita ndani yake. Siku ya pili yanashuka. Msimkaririshe sentensi. Mkaririsheni mambo ya kweli, sentensi aitunge mwenyewe kwa mdomo wake, hapo ndipo ataepuka udiwani alioutaja mzee Kahawa.

Na waambie kikosi kizima wanyamaze kwenye stetasi kuanzia Ijumaa usiku. Kuna kijana wa Ohio State, Cardale Jones, mwaka 2012 akiwa bado wa benchi aliandika Twitter kwamba haoni maana ya kuingia darasani ilhali amekuja chuoni kucheza mpira. Chuo kikamweka nje mechi moja. Januari 2015 aliiongoza timu kuchukua ubingwa wa taifa, 2017 akapata digrii yake, na mpaka leo ukitaja jina lake mtu anakuletea ile skrinishoti.

---

Mgosi_Raskazone

Mungu awalipe. Nimeshapiga simu, wamekubali nahodha na msaidizi wake, kipa kabaki. Nina mawili yamenikwama.

Moja, mfano wa kona. Kocha kaja juu: ukisema redioni hatulindi nguzo ya kwanza, timu ya Jumamosi inayofuata itatupigia kona zote huko.

Pili, posho. Ukweli ni kwamba hazijatoka mechi tatu, na viatu wengine wanaazimana. Nahodha hawezi kusema uongo, kila mwanafunzi anajua.

---

Kahawa_Chungu

Kwenye kona kocha yuko sahihi na Bint yuko sahihi. Wapinzani walishaona, mabao mawili ya kona hayafichiki. Wasichoona ni dawa utakayoweka. Basi nahodha ataje ugonjwa ulioonekana na watu wote, dawa aiache uwanjani. "Mabao mawili ya kona, hilo halikubaliki, tunalifanyia kazi Jumanne na Alhamisi." Nguzo ya kwanza aiache. Nani atasimama wapi, kama mtakaba mtu kwa mtu au eneo, hilo halitoki nje. Majeruhi pia. Huko Marekani wachezaji wanakatazwa kutoa habari za ndani za timu kwa watu wa kamari, na kubeti kulipoenea baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu yao mwaka 2018, kanda kubwa zikaanza kutoa taarifa rasmi za nani yupo na nani hayupo, ili mchezaji mmojammoja asiwe wa kuulizwa chochoroni. Nahodha wenu akiulizwa nani mgonjwa aseme "kikosi mtakiona Jumamosi".

---

Bint_Chumbageni

La posho, Mgosi, kabla ya kumfundisha nahodha aseme nini, tengeneza kitu cha kusema. Leo au kesho andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, nakala kwa mshauri wa wanafunzi: mechi tatu, kiasi gani, wachezaji wangapi, viatu jozi ngapi. Ipigwe muhuri wa kupokelewa. Hapo nahodha anakuwa na jibu ambalo ni kweli, ni fupi, na halimchomi mtu: "Jambo hilo tumeliandikia wahusika wiki hii, tunasubiri majibu yao. Uwanjani tulikuwa 11 kwa 11." Hakukana na hakulia. Mwandishi akitaka zaidi atawafuata wenye barua, na huko ndiko anapotakiwa kwenda.

Bila ile barua, sentensi hiyohiyo ni uongo, kwa hiyo msianze na sentensi. Na asitumie posho kama sababu ya kufungwa, hata akisukumwa. Siku akisema "tunafungwa kwa sababu hatulipwi", kila mechi mtakayoshinda kabla ya kulipwa itawageuka.

Refa pia. Atachokozwa na penalti ya mechi ya pili, maana video yake inazunguka. Ligi Kuu watu wanatozwa faini na kufungiwa kwa maneno juu ya waamuzi, na waandaaji wa ligi ndogo wanapenda kuiga. "Nilikuwa mbali na tukio" ni jibu, kama kweli alikuwa mbali. Kama alikuwa karibu: "Refa aliona vile, tukaendelea kucheza, na tulikuwa na dakika 40 za kusawazisha."

---

Mgosi_Raskazone

Barua inachapwa sasa hivi. Swali dogo la mwisho: akijisikia kulia? Mama yake atakuwa anasikiliza, na kijana mwenyewe ni laini.

---

Maiki_Wazi

Alie. Hakuna ubaya, ila asiongee huku analia, sauti inakatika na maneno yanayotoka hapo hayapimwi. Aseme "naomba nafasi kidogo", ainamishe kichwa, avute pumzi puani mara mbili taratibu, anywe maji. Glasi iwepo mezani, si chupa ya plastiki, chupa inalia ikiminywa. Msaidizi wake ndiye wa kuingia hapo, na wakubaliane mapema kwa ishara: nahodha akigusa meza mara mbili, msaidizi anadakia swali linalofuata. Mtangazaji mwenye akili ataweka wimbo.

Kitu kimoja nilisahau. Kipindi kikiisha, mtangazaji atavua hedifoni, atacheka, atasema "aisee kaka, sasa niambie ukweli, kocha vipi?" Taa nyekundu imezimwa, lakini maiki ya pili inaweza kuwa bado inarekodi kwa ajili ya marudio ya jioni, na hata isiporekodi, huyo bado ni mwandishi na bado yuko kazini. Jibu ni lilelile alilotoa hewani, neno kwa neno, kisha ashukuru, ashuke ngazi, na asifungue mdomo mpaka mfike barabarani kwenye bajaji.